Chini ya Kifuniko

Beringi imelala kwenye friza tangu jana,
kati ya bamia na mfuko wa sambusa za Bi Saumu.
Ganda la injini limo ndani ya oveni, digrii mia na ishirini,
na jiko zima linanuka kama gereji inayopika pilau.

Hapa Walsall, mtaa wa nyumba zilizoshikana mabega,
sina gereji. Nina ujia wa mlangoni,
nina zulia bovu, taa ya kufunga kichwani,
na pikipiki ya mwaka sitini na moja
iliyonitangulia duniani kwa miaka kumi na mitatu.
Kwa kutu, pengine tumelingana.

Nilianza na umeme. Volti sita!
Taa ya mbele ilikuwa kama mtu anayetaka kusema
kisha akaona haya.
Nikaitia kumi na mbili, nikang'oa platini,
nikaweka kiwashio kisichojua kukohoa asubuhi.
Bwana Hadley wa namba kumi na tisa
akaegemea ukuta wa ua, mwavuli mkononi:
"Unaiua. Hizi huachwa zilivyozaliwa."
Alisema kwa upole, kama anayetoa rambirambi.
Bi Saumu, aliyekuwa akitafuta sufuria yake
(kabureta ilikuwa imechemkia humo, na siki)
akajibu kwa Kiswahili, bila kumtazama:
kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Sikumtafsiria.

Spana zangu za milimita hazishiki nati za inchi.
Zinateleza, zinalamba kona, zinanichuna vifundo.
Wiki nzima nilijifunza kuhesabu upya,
robo, nusu, thumuni tatu,
kama mtoto aliyehamishwa shule katikati ya muhula.

Kiti nilimpelekea Beryl Tonks, fundi wa matandiko ya farasi,
amestaafu ila vidole vyake havijaambiwa.
Akabonyeza sponji, akaniuliza uzito wangu,
kisha akauliza: wa nyuma ni nani?
Sikuwa nimemfikiria wa nyuma.
Nikasema, binti yangu, Nunu, ana miaka kumi na minne.
Akaongeza inchi moja.

Nunu ndiye mwenye mkono mwembamba.
Unapita nyuma ya sanduku la gia, pale wangu unapokwama,
naye hunisimulia anachokigusa gizani:
"Baba, kuna waya. Kuna mchanga. Kuna kitu kama ute."
Jumamosi alifungua kifuniko cha breki ya mbele,
ile niliyotaka kuitupa niweke ya diski,
akakisugua kwa petroli na mswaki mkuukuu.
Akanyamaza.

Ndani, kwa ncha ya msumari, mtu alikuwa amekwaruza:
*Aprili 1974. Gurudumu si lake. Samahani.*

Tukaanza kukagua. Namba ya injini haipatani na ya fremu.
Tangi ni la mdogo wake. Sanduku la gia
ni kubwa kwa miaka miwili kuliko pikipiki yenyewe.
Nikamwita Bwana Hadley. Akavaa miwani, akasoma,
akaivua, akaivaa tena.
"Kumbe huyu naye," akasema.
Mvua ikaanza; hakufungua mwavuli.

Diski nimeirudisha dukani. Breki ya zamani
nimeivalisha viatu vipya, basi.

Leo, glavu za oveni mikononi, nimetoa ganda.
Nunu ametoa beringi, ina ukungu mweupe kama pumzi.
Tumeidondosha: tk.
Imekaa bila nyundo, bismillahi haijaisha mdomoni.

Kabla ya kufunga breki nikampa msumari.
Akaandika tarehe, akaandika jina lake,
halafu, kwa Kiswahili chake cha Walsall:
*volti 12. kiti inchi 1. baba amelia (si sana).*
Nikamwambia, hapo hapatasomwa na mtu
ila yule atakayeharibikiwa.
"Si ndiye ninayemwandikia?"

Imebaki nati moja mezani, hatujui ya wapi.
Sambusa za jioni zilinuka grisi.
Tulizila zote.